Kuhusu ripoti ya Mama

Mpendwa Zawadi,

Salamu nyingi. Ripoti ya maabara kuhusu saratani ya utumbo mpana ya Mama niliisoma jana usiku, na asubuhi nikairudia akili ikiwa imetulia. Najua kilichokunyima usingizi ni ule mstari wa mishipa mingi ya damu ndani ya uvimbe, basi naanza na huo.

Uvimbe ukifika milimita moja au mbili hauwezi kuendelea kukua bila kujipatia damu. Wazo hilo Daktari Judah Folkman wa Marekani aliliandika mwaka 1971. Seli za saratani hutoa protini iitwayo VEGF, na mishipa ya jirani huchipuza matawi kuufuata uvimbe. Maabara hukitia kipande cha nyama rangi inayoshika kuta za mishipa hiyo, kisha mtu huinamia darubini, akatafuta mahali ilipojazana zaidi, akahesabu. Udhaifu uko hapo, maana mahali pa kuhesabu panachaguliwa kwa macho. Watu wawili wakipewa kipande kilekile wanaweza kutoa idadi tofauti. Zipo tafiti zilizoona wenye mishipa mingi huishi muda mfupi zaidi, zipo ambazo hazikuona hivyo, na hesabu hiyo haijawa kigezo cha kawaida cha kuamua tiba ya saratani ya utumbo mpana. Tafadhali usiichukue kama hukumu.

Tena nadhani umechanganya mambo mawili, na si kosa lako, ripoti imeyaweka jirani. Mishipa kuota ndani ya uvimbe ni jambo moja. Saratani kupenya na kuingia kwenye vena, yaani mishipa inayorudisha damu kuelekea moyoni, ni jingine, na hilo ndilo linalotutia hofu zaidi, kwa kuwa vena ni njia ya kwenda kwenye ini. Kwa Mama halikuonekana. Tezi za limfu, vijitezi ambamo saratani huweza kusambaa, zilizochunguzwa ni 16, zote safi. Kinachotakiwa ni angalau 12, kwa hiyo neno "safi" hapo lina uzito. Nilipofika mstari huo nilishusha pumzi, Zawadi.

Lakini kuna kitu sijakiona. Muulize daktari kama kipande kilipimwa protini nne zinazorekebisha makosa ya DNA: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Katika hatua ya pili kama ya Mama, yaani saratani haijafika kwenye tezi, uvimbe uliopoteza mojawapo kwa kawaida huwa na mwelekeo mzuri zaidi, na fluorourasili, dawa ya kuua seli za saratani, ikitumika peke yake huenda isimsaidie. Kwa hiyo jibu lipatikane kabla hajaanzishiwa dawa yoyote. Pia upungufu huo wakati mwingine ni wa kurithi, na ikiwa ndivyo, wewe na ndugu zako mtahitaji kupimwa. Kipande kilichokatwa huhifadhiwa, hana haja ya kukatwa tena.

Yaandike majina hayo manne kwenye karatasi uende nayo. Jibu likitoka nitumie, hata iwe usiku. Mama mwambie nitampigia Jumapili.

Wako,
Neema