Mdoli Aliyelala Horini

Kilema, Jumapili ya pili ya Majilio

Mwanangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku hatujambo. Baba yako mguu umepunguza kuuma, na ng'ombe amezaa ndama dume. Tumesikia kwamba Noeli hii umepangiwa zamu ya usiku, hutaweza kupanda nyumbani. Usijilaumu, mama. Wagonjwa hawana likizo. Kaka yako anakuja na watoto kutoka Dar kwa treni (tangu ile treni irudi Moshi Desemba 2019 hataki tena kusikia habari za basi), wadogo zako watafika tarehe 22, na siku ukoo unapokutana kuhesabiwa nawe tutakuhesabu ingawa hupo.

Kilichonifanya nishike kalamu ni yale uliyoniambia kwenye simu, kwamba umemnunulia mjukuu wangu mdoli wa dukani, mwenye macho ya kufumba na kufumbua, ukaniomba nisinune. Sinuni hata kidogo. Mtoto na ampende mdoli wake. Ila nami nimemtengenezea mmoja, na nataka ujue nimemtengenezaje, kwa sababu ulipokuwa mdogo kazi hii niliifanya usiku mkiwa mmelala, hukuwahi kuiona.

Gamba la mgomba huliokoti tu popote. Nimetafuta mgomba uliokatwa mkungu, nikachagua gamba lililokaukia shinani bila kupigwa na mvua, maana likinyeshewa linapata madoa meusi na kunuka uvundo. Nikalirashia maji, nikalifunika kwa kitambaa mpaka asubuhi likalainika. Upande wa ndani ndio unaong'aa, na huo ndio uso. Kichwa nimekikunja donge kwa mabaki, nikalivika gamba zuri juu yake, kisha nikaikaza shingo kwa uzi wa mgomba huohuo. Mikono ni kipande kimoja kilichosokotwa na kupitishwa kifuani. Nywele ni uzi mweusi wa sweta, nimemsuka twende kilioni. Gauni ni vipande vya kitenge nilivyopewa na fundi. Macho na mdomo sijamchora. Wa kwako naye hakuwa navyo, na wewe ndiye uliyekuwa ukituambia leo amenuna, leo anacheka.

Unamkumbuka? Ulikuwa na miaka sita. Tulikuwa tunafungua boksi la pango la Noeli, Mtoto Yesu wetu wa plasta akaniponyoka, kichwa kikapasuka vipande vitatu sakafuni. Pango lilikuwa tayari pale kando ya kabati, na mawe ya mtoni, na nyasi, na majani ya masale uliyokata na baba yako kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la nyumbani. Pesa ya kununua mwingine haikuwepo, mwaka ule kahawa ilikuwa bado haijalipwa. Bibi yako akasema hori libaki tupu, si dhambi. Wewe ukaenda chumbani, ukarudi na mdoli wako umemvua gauni. Ukaniuliza, "Yesu akizaliwa anakuwa hana nguo, eti mama?" Nikachana ukanda wa khanga yangu kuukuu, tukamviringisha. Nilidhani bibi yako, na ukali wake wote wa mambo ya kanisa, angekataa. Alimpokea kwa mikono miwili, akamlaza mwenyewe.

Tulipotaka kutoka kwenda misa ya usiku, ukavua sweta yako ukamfunika. Ulikataa katakata kuivaa tena, ukasema atapata baridi akiwa peke yake. Nikakubeba mgongoni ndani ya khanga mpaka kanisani, miaka sita na miguu inaning'inia. Na mpaka Epifania, kila asubuhi ulikwenda kumwangalia kabla hata hujanawa uso.

Jumapili iliyopita padri ametuhubiria habari za pango. Alisema Mtakatifu Fransisko alipoandaa pango lake kule Greccio, Italia, Noeli ya mwaka 1223, hakuweka sanamu. Aliomba hori, nyasi, ng'ombe na punda, basi. Watu wa kijijini wakaja na mienge usiku, misa ikasomwa pale palepale, na hori lilikuwa na nyasi peke yake. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja kati ya waliokuwepo alimwona mtoto amelala ndani yake. Nilikaa kwenye benchi nikikuona wewe na sweta yako.

Nikakumbuka pia miaka niliyofundisha Kisarawe. Mwalimu mwenzangu, Mzaramo, alinionyesha mwana hiti wa familia yao, kisanamu cha kuchonga, mdogo wa kushikika mkononi, wa mti uliong'aa kwa kushikwashikwa, hana mikono, kichwani ana vishungi viwili. Mwali anapowekwa ndani hukabidhiwa huyo, anamwogesha na kumpaka mafuta kama mtoto hasa. Alinionya nisimwite mdoli. Nilimwelewa, na mpaka leo nachagua maneno ninapomtaja.

Sasa nikuombe jambo. Hapo Mwanza tengeneza pango, hata liwe la boksi la sabuni. Mawe ziwani hayakosekani. Masale nimekuwekea majani saba ndani ya gazeti bichi. Usiyatupe hata yakinyauka kidogo. Hori lenyewe liache tupu mpaka mkesha. Huku kwetu anayemlaza Mtoto ni mdogo kuliko wote ndani ya nyumba, na hapo kwako ni mjukuu wangu. Kwa kuwa utakuwa zamu, fanyeni mapema kabla hujaondoka, saa kumi na mbili jioni inatosha. Zimeni taa, washeni mshumaa, mwimbishe wimbo mmoja. Akitaka kumlaza yule wa dukani mwenye macho, mwache amlaze. Akitaka wote wawili, hori lipanuliwe.

Kifurushi nimempa kondakta wa basi la kesho, atakupigia akikaribia stendi. Ndani kuna ndizi za mtori, maziwa ya mgando kwenye dumu dogo lenye mfuniko wa bluu, na kilo mbili za unga wa ulezi kwa uji wa mtoto. Mdoli yuko chini ya hivyo vyote, ndani ya mfuko wa kitambaa. Akifika na unyevu mwanike kivulini, jua litampasua.

Chini yake utakuta kitu kingine kimekunjwa. Ni ile sweta. Kiwiko cha kushoto kimeliwa na nondo, nimekishona kwa uzi wa rangi iliyokaribia. Nadhani mwakani itamtosha.

Mama yako