Wavutaji wanafuata kivuli, moshi unafuata AC

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu. Mimi ni fundi viyoyozi, huu ni mwaka wa kumi na tisa kazini, na kwa miaka minne sasa nahudumia mitambo ya jengo moja la ofisi hapa Dar es Salaam. Jengo zuri. Ukiingia mapokezi unakutana na kibao cha kioo ukutani, cheti cha LEED, kile cha Baraza la Majengo ya Kijani la Marekani kwa majengo yanayojali mazingira na afya ya waliomo. Dada wa usafi hukifuta kila asubuhi kabla hata hajagusa meza.

Mwaka jana mhasibu mmoja wa ghorofa ya tatu akaanza kulalamika. "Fundi, hii AC yenu inanuka sigara." Nikamwambia dada yangu, AC haivuti sigara, hilo ni vumbi tu. Alikuwa mjamzito, na pua za wajawazito tunazijua, nikalichukulia hivyo. Nikaosha koili, nikabadilisha filta. Wiki haijaisha akapiga tena simu. Safari hii nilipochomoa filta niliinusa kabla ya kuitupa: sigara tupu! Nilimwomba radhi, na sikuwa na maelezo ya kumpa.

Kesho yake nikaamua kuifuata harufu hadi inakotoka. Saa nne asubuhi nikazunguka nyuma ya jengo, upande wa kushushia mizigo. Pale kuna kipaa cha zege, na ukutani chini ya kipaa, juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, ndipo ulipo mdomo wa kuvutia hewa ya nje inayokwenda ghorofa za chini. Nikakuta watu sita wamesimama wanavuta, ndoo ya mchanga katikati yao. Moshi ulipanda ukagonga kipaa, ukakosa pa kwenda, ukalala, kisha ukaanza kuingia kwenye zile chuma za mdomo wa hewa taratibu, kama maji yanayofuata mfereji. Hakuna aliyekuwa anautazama isipokuwa mimi.

Na kwa nini saa nne? Mitambo mingi ya majengo ya aina hii ina vihisio vinavyopima hewa ya ukaa ofisini. Watu wakijaa, mtambo unafungua mlango wake na kuvuta hewa zaidi kutoka nje. Saa nne ofisi zimejaa, na saa nne hiyo hiyo ndiyo ya chai, na ya chai ndiyo ya sigara. Kwa hiyo jengo linavuta pumzi kubwa wakati ule ule wanapowasha viberiti. Filta inakamata chembe nyingi, lakini gesi na harufu vinapita. Wahandisi wenzetu wa ASHRAE, chama cha Marekani kinachotunga viwango vya kazi yetu, walishasema wazi kwamba hakuna mtambo wa hewa unaoweza kumaliza madhara ya moshi wa sigara ndani ya jengo. Dawa ni watu kutovuta humo, basi.

Cheti cha LEED hupatikana kwa kukusanya pointi, lakini sharti lake la moshi wa sigara halina hata pointi moja. Ni la lazima, usipolitimiza huna cheti. Ndani ya jengo marufuku. Nje, mvutaji akae angalau mita 7.5 kutoka milangoni, madirisha yanayofunguka na midomo ya hewa. Mabango yawe ndani ya mita tatu kutoka kila mlango. Mabango yapo, tena mazuri. Nilitoa tepu yangu nikapima kutoka kwenye ndoo hadi kwenye mdomo wa hewa: mita mbili na sentimita kumi.

Sisemi waliotoa cheti walidanganywa. Kwa jengo jipya, cheti hutolewa kwa michoro na nyaraka likishakamilika, na hakina tarehe ya kwisha. Kwenye mchoro eneo la wavutaji limewekwa vizuri tu, kona ya mwisho ya maegesho. Nimekwenda kusimama pale saa saba mchana mwezi wa pili. Joto linapanda kupitia soli ya kiatu. Hakuna mti wala paa, hata tofali la kukalia hakuna. Aliyelichora eneo lile alilichora akiwa ndani ya AC. Nami nimevuta sigara miaka kumi na moja kabla ya kuacha, najua mvutaji hatafuti bango, anatafuta kivuli na ukuta wa kuegemea. Masika ndiyo usiseme.

Kuna hili la mlinzi pia. Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku tunayo tangu mwaka 2003, lakini pale nyuma serikali ni mlinzi wa kampuni, kijana wa miaka ishirini na ushee mwenye kirungu na daftari. Kuna siku nilimsikia akisema, "Shikamoo bosi. Samahani, hapa hawaruhusu." Bosi akamjibu bila kugeuka, "We kijana, unanijua mimi?" Akavuta hadi mwisho. Wiki iliyofuata kijana alihamishiwa lindo lingine. Labda ilikuwa zamu tu, siwezi kuapa. Lakini aliyekuja baada yake hajawahi kumsemesha mtu, na mimi simlaumu.

Ninachoomba kwa wamiliki wa majengo yenye vibao hivi si kikubwa. Jengeni kibanda kule kwenye kona mliyoichora, mabati manne na benchi, kwa gharama isiyofika hata ya filta ninazobadilisha kabla ya wakati. Na barua ya katazo aisaini mwenye jengo mwenyewe, iende kwa kila mpangaji kuanzia wakurugenzi, ili mlinzi akisema "hairuhusiwi" aonekane ametumwa.

Mhasibu alijifungua salama na amesharudi kazini. Juzi alinipigia tena. Ile ndoo ya mchanga nimeisogeza mwenyewe mara tatu hadi kule kwenye kona, na kila nikirudi kufanya huduma naikuta imerudishwa pale pale chini ya kipaa, vipisi vimejaa.

Fundi Viyoyozi,
Temeke, Dar es Salaam