Mamkubwa, sinema haimpi mtu mimba

Shikamoo Mamkubwa.

Kadi ya harusi ya mdogo wangu, binti yako, nimeiona kwenye grupu la ukoo. Mimi sikuletewa, na sikuja hapa kuiomba. Nimekuja kwa lile neno ulilonitupia Ngamiani siku ya hitima ya babu, watu wako kwenye sinia: "Huyu ndiye aliyemharibia mwanangu na masinema yake."

Masinema yenyewe ni moja, Juno, ya mwaka 2007. Binti wa Kimarekani wa miaka 16 anapata mimba, anaamua kuzaa na kumpa mtoto mwanamke asiyejaliwa kizazi. Nawe uliitazama, usikatae. Ulikuwa unachambua mchele, ukaicheka ile simu yake ya umbo la baga. Ukasema yule Michael Cera na kaptura yake ya mbio hana hata sura ya kumpa mtu mimba. Tulicheka mpaka ungo ukamwagika.

Ukamwona Elliot Page, anayeigiza huyo binti, mdomo unakwenda kama cherehani, ukasema mtoto hana adabu. Wazazi hukuwatazama. Binti anawaambia sebuleni, na J.K. Simmons, anayeigiza baba, hainuki, hapigi mtu. Sura inamshuka tu, kisha anasema atakwenda naye kuonana na hao watakaomchukua mtoto. Allison Janney naye anawaza vitamini za mjamzito. Kule kwenye kipimo, mpimaji anapotoa maneno ya dharau, anamgeukia na kumsema mpaka basi. Na huyo ni mama wa kambo, Mamkubwa. Wa kambo!

Wewe ulimpakia binti yako, na mimba yake, kwenye basi la alfajiri kwenda Lushoto, na baridi ile, bila hata sweta. Nguo zake nilimfuatishia mimi. Hilo silisahau, na kusamehe bado sijaweza.

Najua shule ilishamfukuza, na wakati ule hapakuwa na kurudi. Lakini Novemba 2021 serikali iliporuhusu waliojifungua warudi darasani, si nilikupigia siku ileile? Sare na madaftari nilisema juu yangu. Ukajibu, "Hayo yameshapita."

Mama alipolazwa Bombo ni wewe uliyenilisha, ukanisuka, ukanipeleka chuoni. Ndiyo maana inaniuma. Basi nisikilize kidogo: siku bibi harusi anaposingwa liwa, mwache mtoto aseme yake, makungwi wasimzibe mdomo. Msichana wa umri ule anahitaji mtu mzima wa kumuuliza. Mimi aliniuliza, nikamjibu ninayoyajua, tena na ya kujikinga nilimwambia. Angekuuliza wewe ungemjibu nini? Ungemsonya. Halafu lawama niibebe mimi na Diablo Cody, aliyepewa Oscar mwaka 2008 kwa kuiandika hadithi ile!

Liwa nimeshaagiza. Nitakuja, kadi niwe nayo nisiwe nayo. Mkinifungia mlango nitampigia bibi harusi mwenyewe. Kila Idi huwa ananipigia, ila wewe hujui.