Magemu ya adivencha yalianza na watu wa ridhaa, msituchukulie poa

Ndugu Mhariri,

Naandika nikiwa na hasira kidogo ila sio za kugombana. Mlitoa makala ya magemu ya kompyuta na mwandishi wenu aliandika vizuri tu mpaka alipofika kwa sisi tunaotengeneza magemu yetu wenyewe usiku baada ya kazi, hapo akatumaliza kwa sentensi moja, eti tunacheza kampuni-kampuni kama watoto wanavyocheza baba na mama, na kwamba tunachofanya ni kuiga kazi za wenye fani. Nimeisoma mara tatu. Ya tatu ndo nikasema hapana, hii lazima nijibu, maana angesema hivo kuhusu magemu ya mpira au ya mbio za magari ningenyamaza, huko kweli bila jeshi la watu na hela ndefu hufiki popote, lakini yeye kataja kabisa adivencha, na kwenye adivencha mambo yalienda kinyume na alivyoandika.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kucheza, adivencha ni gemu ambayo hupigi mtu risasi wala hushindani na saa. Unaingia ndani ya hadithi, unaokota vitu, unaongea na watu, unafumbua mafumbo, mlango umefungwa na ufunguo uko kwa mzee ambaye hataki hata salamu mpaka umtafutie miwani yake, basi ndo hivo, silaha yako ni kichwa.

Sasa turudi nyuma. Ya kwanza ya aina hii iliandikwa katikati ya miaka ya 1970 kule Marekani na mtu mmoja anaitwa Will Crowther. Mprogramu alikuwa, sikatai, ila kazi yake ilikuwa mambo ya kuunganisha kompyuta kwenye mtandao, na starehe yake ilikuwa kuingia mapangoni, yeye na wenzake walikuwa wanapima na kuchora ramani ya pango la Mammoth Cave jimbo la Kentucky. Ndoa yake ikavunjika, akawa anawakosa binti zake wawili, akakaa akaandika gemu ya maneno matupu, picha hakuna hata moja, kwa lugha ya FORTRAN kwenye kompyuta aina ya PDP-10, ili watoto wakija wapate cha kucheza na yeye apate tena pango lake. Unaandika maneno mawili tu, chukua taa, nenda kusini, kompyuta inakujibu uko wapi na unaona nini. Baadae mwanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford, Don Woods, aliikuta gemu hiyo, akamtafuta mwenyewe akaomba ruhusa, akaongezea mambo yake. Kampuni iko wapi hapo? Huyo ni baba na wanawe, alafu mgeni aliyebisha hodi.

Aliyefuata ni Roberta Williams, alikuwa mama wa nyumbani tu, akaicheza gemu ile ya pango akanogewa mpaka basi, akatunga hadithi yake mwenyewe ya nyumba yenye mauaji, mumewe Ken akakaa na kompyuta ya Apple II akaiprogramu, na mwaka 1980 wakaitoa kwa jina la Mystery House, michoro ya mistari mitupu ambayo mtoto wa darasa la pili angeicheka, lakini ndo adivencha ya kwanza kuwa na picha. Wakaiuza kwenye vimfuko vya plastiki vile vya kufunga kwa kubana. Baadae ndo wakawa Sierra, kampuni yenye jina. Kwa hiyo naomba mwandishi wenu anisaidie, hapo nani kamuiga nani?

Wenye fani walikuja kuazima, na walichoazima walikitengeneza vizuri sana, siwanyimi haki yao. The Secret of Monkey Island ya mwaka 1990 nimeimaliza mara ambazo sitaki kuzihesabu. Lakini walipoona hela imehamia kwenye magemu ya bunduki wakaifunga biashara, LucasArts, ndo hao wa Monkey Island, walitoa adivencha yao ya mwisho mwaka 2000 na mwaka 2004 wakaifuta ya Sam & Max iliyokuwa inaendelea kutengenezwa, na magazeti ya magemu yakaandika tanzia.

Tanzia ya nini! Miaka hiyo hiyo watu wa ridhaa walikuwa wanaendelea kimya kimya. Tangu 1997 Mwingereza Chris Jones alikuwa keshatoa programu ya bure ya kutengenezea magemu haya, leo inaitwa Adventure Game Studio, mwaka 2001 kundi la wapenzi likairudia King's Quest ya kwanza, gemu ya Sierra ya 1984, kwa michoro mipya likaigawa bure, mwaka 2003 Ben Croshaw akatoa 5 Days a Stranger nayo bure, na mwaka 2006 Dave Gilbert akaanza The Shivah kwa ajili ya shindano la mwezi mmoja la wapenzi hawa hawa, ikapendwa, akaiboresha akaiuza na mpaka leo anaendesha maisha kwa adivencha. Wale wa maneno matupu nao wana shindano lao kila mwaka tangu 1995 na majaji ni wachezaji wenyewe, unacheza saa mbili tu, unatoa maksi kwa ulichokiona ndani ya saa hizo mbili. Kuna programu ya Twine pia ya mwaka 2009, hiyo hata kuprogramu hujui unaanza nayo.

Kwenye kuiga nakubali nusu. Wapo wanaochukua wahusika wa watu na kuwapa hadithi mpya, na hao yanawakuta, kuna kundi lilikuwa linaendeleza hadithi za King's Quest, mwaka 2005 wakapewa barua ya wenye haki wasimamishe, wakaruhusiwa, wakasimamishwa tena, sehemu ya kwanza ikatoka 2010 kwa jina la The Silver Lining. Miaka yote hiyo kwa kitu ambacho hawakupanga kuuza! Mi naona ni upendo ila ni upendo wa kujitakia presha, tunga mhusika wako.

Mimi nilianza na chumba kimoja. Nieleze kidogo maana mwandishi wenu anadhani tunabandika mapicha tu. Chumba ni picha ya pikseli 320 kwa 200, kadogo, kwenye simu ya siku hizi kangekaa kwenye kona. Juu ya picha hiyo unapaka rangi ambazo mchezaji hazioni, rangi moja inamwambia mhusika hapa unakanyaga hapa hukanyagi, nyingine inasema hili ni dirisha mtu akibofya, nyingine inasema hii ni nguzo, mhusika akipita nyuma yake imfunike. Na hiyo nguzo unaiwekea mstari, miguu ya mhusika ikiwa juu ya mstari anahesabika yuko nyuma, ikiwa chini yake yuko mbele. Mstari wangu niliuweka juu mno. Nikambofya apite nyuma ya nguzo, akapita juu ya nguzo kama stika. Nikaushusha mstari, nikaupitiliza, sasa akisimama mbele ya nguzo kabisa, peupe, anamezwa mwili mzima kinabaki kiwiko kimoja kinaning'inia hewani. Usiku mbili, Mhariri, kwa nguzo moja ambayo kwenye hadithi haina kazi yoyote. Ilipokaa sawa nilimtembeza yule mtu kuizunguka labda dakika kumi hivi, mbele nyuma mbele nyuma, nacheka peke yangu.

Chumba cha pili ndo kilinifundisha adabu. Kulikuwa na barua mezani na paka amelala juu yake, na barua ndo inabeba hadithi yote, kwa hiyo lazima paka aondoke. Kwangu mimi jibu lilikuwa wazi kama mchana, chukua kioo bafuni, kiweke dirishani, mwanga unapiga ukutani, paka anaukimbiza. Nikampa mdogo wangu wa kike acheze, nikakaa nyuma yake nikajiapiza sifungui mdomo. Akampa paka samaki. Gemu ikajibu: haiwezekani. Akamwagia maji. Haiwezekani. Akatumia ufagio, akamwita, akafungua mlango, akavuta kitambaa cha meza, akamfungulia redio, haiwezekani haiwezekani haiwezekani, maana niliandika jibu moja tu kwa kila kitu, nilikuwa nawahi kulala. Akageuka akaniangalia.

"Kaka, paka gani huyu hataki samaki?"

Sikuwa na jibu. Alikuwa anaandika kwenye daftari kila alichojaribu, vilifika 17, na karibu vyote vilikuwa na akili kuliko kioo changu. Nikalichukua lile daftari nikaenda kumwandikia kila jaribio jibu lake, na kwenye samaki nikajiona mjanja, nikaweka kwamba paka anamla samaki pale pale juu ya barua, mafuta yanachuruzika, wino unafutika, barua haisomeki tena. Nilicheka wakati naiandika. Dogo akacheza, akampa samaki, akacheka na yeye, alafu akaendelea nusu saa nzima anazunguka vyumba vyote anatafuta njia nyingine ya kujua kilichoandikwa kwenye barua, na njia haikuwepo, na hakuwa amesevu. Alipogundua gemu haimaliziki tena alifunga laptopu taratibu akaondoka, mpaka jioni hatuongei. Baadae sana ndo nikaja kujua kosa hilo Ron Gilbert, huyo wa Monkey Island, aliliandikia makala tangu mwaka 1989, kwamba mchezaji asiachwe aendelee na gemu ambayo keshaipoteza bila kujua. Ningesoma kwanza ningeokoa undugu.

Kinachonifariji ni kwamba hata wenye fani huwa wanateleza na paka. Gabriel Knight 3, ya mwaka 1999, ina fumbo ambalo mashabiki wa adivencha mpaka leo wanalirushia mawe, unatakiwa ujifanye rafiki yako ili upewe pikipiki, kwa hiyo unabandika utepe wa karatasi wenye gundi kwenye tundu, unamtimua paka apite hapo, unayakusanya manyoya yake, unayabandika usoni kwa sirapu yawe masharubu. Na huyo rafiki unayemuigiza hana masharubu! Inabidi umchoree na kalamu kwenye pasipoti yake ili mfanane. Hiyo ilitoka kwenye kampuni, watu wana mishahara, wana mabosi wa kuwauliza jamani hii mna uhakika?

Hii hadithi ya masharubu ukiitaja mbele ya mpenzi wa adivencha usiyemjua kabisa, mmeshakuwa marafiki. Mtaanza na hiyo, mtahamia kwenye ubishi wa kufa, kama mhusika afe akikosea hatua kama kwenye ya Sierra au asife kabisa kama kwenye ya LucasArts (mi nasema asife, labda iwe inachekesha), mtabishana kama kuandika maneno kulikuwa na akili kuliko kubofya, na mkishachoka unashangaa mwenzako naye anapenda ramani za zamani, riwaya za upelelezi, stesheni za treni usiku, hadithi za majini, vitendawili, muziki ule wa kompyuta za kale wa ti-ti-ti. Sijui kwa nini inakuwa hivo ila inakuwa. Ndo maana kazi zinagawanyika bila mtu kuajiriwa, huyu anajua kuchora mawingu, huyu ana kinanda, huyu hajui chochote ila ana jicho la kuona herufi iliyorukwa, na yupo wa kurekodi mlango wa kabati lake ukilia ili mlango wa kwenye gemu yako ulie hivo hivo. Watu wa Adventure Game Studio walifika mahali wakatunga mji mzima wa pamoja, Reality-on-the-Norm, yoyote anachukua mitaa na wahusika waliochorwa na wenzake anatunga kisa chake humo humo. Niambieni kampuni gani ingemkabidhi mtu baki mhusika wake namna hiyo.

Na tunaoanza wengi hatumalizi, hilo mwandishi wenu angelisema ningempa mkono. Watu wanaanza na adivencha ya vyumba 90 na sura 5, wanachora chumba cha kwanza kwa mwezi mzima, alafu kimya. Vyumba vitatu vinatosha, fumbo moja zuri linatosha, imalize mtu aicheze akukasirikie.

Ombi langu ni dogo, Mhariri. Kwenye ule ukurasa wa magemu mnaojaza habari za makampuni, tupeni hata robo safu mara moja moja tutaje gemu moja ya mtu wa ridhaa ambayo msomaji anaweza kuicheza bure jioni moja akaimaliza. Kuandika nitaandika mwenyewe bila malipo.

Ya kwangu bado sijaitoa, paka bado ananisumbua. Ila yule mdogo wangu aliomba programu wiki zile zile za daftari, akajifungia nayo, na juzi kaniletea gemu yake ya vyumba vitatu. Nimekwama cha pili. Kuna sanduku halifunguki, nimejaribu kila kitu nilichonacho na kila kitu kina jibu lake, hakuna hata haiwezekani moja, na yeye kakaa nyuma yangu na lile daftari anaandika.

Wenu msomaji wa siku nyingi,
Mtengeneza magemu wa usiku