Mwanangu, Irudishe Ile Mada Uliyoifuta

Mwanangu mpenzi,

Jumapili ulipoondoka ulisahau karatasi chini ya cherehani. Niliiokota jioni nikifagia vipande vya vitambaa, nikidhani ni vipimo vya mteja. Kumbe ni zile mada zako sita za insha, na ya sita umeipiga kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Niliiinua kwenye taa nikaisoma kwa upande wa nyuma: "Kuandika hadithi kwa wahusika wa mtu mwingine."

Ni usiku, nimeshafunga kazi. Barua hii naitia kwenye mfuko wa mahamri ikufikie hosteli kesho asubuhi. Kwa simu ungeniambia "sawa, mama" ukakata, na haya nataka uyasome umekaa.

Kwanza nikuombe radhi. Mwezi uliopita nilikukuta saa saba za usiku unaandika sura ya ile hadithi yako ya tamthilia ya Kikorea, nikakwambia unapoteza wakati, wahusika si wako na hakuna anayekulipa. Ulifunga kompyuta, hukusema neno. Tangu siku ile hujanihadithia tena habari za wasomaji wako wanaongoja kila Ijumaa, na zamani ulikuwa ukinisomea wanayokuandikia, tunacheka wote wawili. Nilikosea, mama. Uchovu ulinisemesha, na tena nilikuwa nimesahau nilikotoka.

Babu yako alikuwa fundi wa kofia. Alikuja Nairobi kutoka Lamu akiwa kijana, na mimi nilimjua akiwa amekaa barazani hapa Majengo, kitambaa cheupe pajani. Kofia moja ilimchukua majuma kadhaa. Alitoboa kishimo kwa sindano, akakizungushia uzi pande zote mpaka kikakaza, akahamia kinachofuata, mpaka kitambaa kizima kikawa maua ya matundu. Mchoro hakuubuni yeye. Alichorewa na nyanya yako kwa penseli, na nyanya aliupata kwa mamake, kila mmoja akiongeza ua lake au kupunguza. Ile kofia iliyo kabatini ni ya mwisho aliyoishona. Siku ukija, igeuze nje ndani uitazame vizuri. Ukingoni kuna safu ya majani madogo ambayo haimo kwenye kofia zake za zamani. Hiyo ni ya nyanya yako.

Mkono ukiwa kazini, mdomo wake ulikuwa kwenye mashairi, na aliyoyapenda kuliko yote ni takhmisa ya Liyongo. Najua unaijua kwa jina, mwalimu wenu ameitaja. Lakini sikia ilivyoundwa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate aliyachukua mashairi yanayosemekana ni ya Fumo Liyongo, yule shujaa na mshairi wa kale wa pwani. Mishororo miwili ya Liyongo akaiacha kama ilivyo, akaitangulizia mitatu yake mwenyewe, ubeti ukawa wa mishororo mitano. Mitatu hiyo inafuata kina cha Liyongo, na anayesema humo, anayejigamba kwa ushujaa, ni Liyongo yuleyule. Yaani Sayyid Abdalla aliingia ndani ya mtu aliyemtangulia zamani sana, akasema kwa sauti yake, na watu wa pwani wakamheshimu kwa hilo.

Nilikuwa na miaka kumi hivi babu aliponisomea ubeti mmoja, akanyamaza, akaniuliza, "Yupi amenyamaza wapi, na yupi ameanza wapi?" Nilijaribu mara tatu. Nilishindwa kuuona mshono. Alicheka kwa furaha akarudi kwenye sindano yake. Furaha ile naikumbuka mpaka leo, na ndiyo maana nikaona uchungu nilipoikumbuka kompyuta yako nilivyoifanya ifungwe.

Na hadithi yenyewe ya Liyongo, hebu fikiria imepita mikono mingapi. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu aliitungia utenzi. Hakumbuni Liyongo. Alimkuta kwenye vinywa vya watu, akamwandika kwa mkono wake. Unakumbuka pale Liyongo alipofungwa gerezani? Mamake alikuwa akimpelekea chakula kwa mkono wa mjakazi wao, Saada, na walinzi kila siku wanakinyang'anya. Liyongo akatuma maneno kwa wimbo: mama atengeneze mkate wa wishwa, yaani wa pumba, na ndani yake atie tupa, kile chuma cha kukerezea. Walinzi wakala kile kizuri, ule wa wishwa wakauona si kitu, wakamwachia Saada apite nao. Usiku ngoma za gungu zikipigwa nje, matari na matoazi, Liyongo ndani anakereza minyororo na hakuna anayeisikia tupa.

Sasa nisikilize. Saada ana beti chache tu. Anakuja na sinia, anatukanwa mlangoni, anapita, tunamsahau. Na wewe, kwenye hadithi yako, umefanya nini? Umemchukua yule mjakazi wa ikulu ambaye kwenye tamthilia anaonekana akipita na sinia bila kusema chochote, ukampa jina, ukampa mama mgonjwa, ukampa sababu ya kunyamaza kwake. Sura ile uliyonisomea, ya yeye kusimama nje ya mlango akisikia wakubwa wakizungumza na chai inapoa mikononi mwake, ilinikaa kifuani siku mbili. Mimi nimebeba sinia kwenye nyumba za watu kabla sijapata cherehani. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilisikia nini mlangoni.

Mada yako ni hiyo. Ile ya sita ulivyoiandika ni jora zima, na jora halivaliki. Ikate. Wabebaji wawili wa sinia: Saada wa utenzi, na yule wako. Anayekuja baadaye humfanyia nini mtu ambaye hadithi ya kwanza ilimpitisha tu? Takhmisa iwe ndiyo njia yako ya kuingilia, kwa sababu inaonyesha kwamba kwetu kuongezea ya mwenzako ni kazi yenye kanuni na yenye heshima. Mwalimu atakuuliza tofauti, basi mtangulie kuisema. Liyongo alikuwa wa watu wote. Tamthilia ina mwenyewe na ina hakimiliki, na wewe huuzi unachoandika. Usilifiche swali hilo. Nadhani ndipo insha itakapopata uzito.

Naelewa kwa nini uliifuta. Uliogopa kuchekwa darasani. Lakini kwenye chuo hichohicho chako, na hili ulinieleza wewe mwenyewe ukiwa unakula hapa mezani, tarehe 24 Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika kutaka Idara ya Kiingereza iondolewe, fasihi ya Afrika ikae katikati, na fasihi simulizi isomwe kama fasihi nyingine yoyote. Umeiweka hiyo kuwa mada ya kwanza kwenye orodha. Ni nzuri, ila nusu ya darasa wataichukua, nawe utakuwa unarudia ya wenzako. Itumie kama aya moja, ikupe mgongo wa kuegemea.

Hizo nyingine sitazisemea sana. Misemo ya leso naipenda, wewe huipendi, na inaonekana hata kwa mwandiko wako. Ya majina ya mitaa ilinitia tamaa, maana kila siku napita Kariokor na ni wangapi wanaokumbuka kwamba ni "Carrier Corps", wale wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia? Nakuomba siku moja uiandike hiyo. Wiki hii hapana. Inataka siku nyingi za maktaba na za kuongea na wazee, na siku hizo huna.

Tuhesabu ulizonazo. Leo ni Jumanne. Sweta nane za watoto ulizoagizwa kufuma unazipeleka Jumamosi, na umemaliza tano. Moja inakuchukua jioni mbili. Tatu ni jioni sita, na mpaka Jumamosi zimebaki tatu. Ijumaa ndiyo siku ya kumpa mwalimu mada, na Ijumaa hiyohiyo wasomaji wanangoja sura. Hesabu haikubali, mwanangu, hata usipolala. Na usikeshe, mishono ya usiku wa manane utaifumua asubuhi.

Nikupe langu. Mwaka mmoja kabla ya Idd nilipokea oda nyingi kuliko mikono yangu. Kufika Jumatano nilishajua gauni moja la mtoto halitakamilika, nikanyamaza nikitumaini. Mwenyewe alikuja usiku wa kuamkia sikukuu, akalikuta halina mikono. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Ulijua lini?" Sikuweza kumjibu. Angejua Jumatano angenunua jingine.

Basi mpigie mteja wako mara ukiisoma barua hii. Amekwishakutumia nusu ya pesa kwa M-Pesa, ana haki ya kujua mapema. Mwambie tano zitafika Jumamosi, na tatu Jumamosi inayofuata. Akitaka nane zote kwa pamoja, rudisha pesa aliyotanguliza kwa hizo tatu, nami nitakuongezea ikipungua. Wasomaji wako waandikie mistari miwili kwamba sura itachelewa wiki moja. Usiwaache kimya, na usiache kuandika. Hadithi ile haili wakati wa insha tena, ni sehemu yake. Jioni ukifuma, mkono unakwenda wenyewe, hapo ndipo umwaze Saada. Weka daftari karibu na donge la uzi. Babu yako hakuwa na njia nyingine.

Insha yenyewe, maneno elfu tatu, una majuma mawili. Anza na ule mkate wa wishwa, anzia mlangoni kabisa walinzi wanapouangalia na kuudharau. Utangulizi utauandika mwisho.

Mapande ya sweta ya kijani uliyoyaacha hapa nimeyaunga mabegani, na mikono nitaitia kesho. Nimefuata mshono wako, sidhani utajua pangu ni wapi. Vifungo sijavitia, sikujua unataka vya mbao au vile vyeupe. Nijibu kabla ya jioni. Na uniambie pia, yule binti ulimwacha ameshika kitasa cha mlango sura iliyopita. Amefungua, au bado?

Mamako