YAH: MALALAMIKO KUHUSU UCHUKUAJI WA TAKA ZA ZAHANATI YETU

Mikindani, Mtwara

Kwa Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumanne iliyopita kirikuu chenu kilifika wazi, bila turubai. Sefti boksi zetu, yaani maboksi ya kutupia sindano zilizotumika, ambazo hufungwa zikijaa robo tatu kama inavyotakiwa, zilirushwa juu ya mifuko myeusi ya makaratasi na mabaki ya chakula. Kijana wenu, mikono mitupu, miguuni yeboyebo, akapanda na kuzishindilia kwa kisigino ili zienee. Moja ikapasuka, sindano ikamchoma unyayoni. Tulimwosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, tukampima, tukamwanzishia dawa za kinga dhidi ya VVU, ambazo zisipoanzwa ndani ya saa 72 hazisaidii tena. Tulipomuuliza kama amechanjwa homa ya ini B alibaki anatutazama. Dereva wenu muda wote huo anapiga honi, eti anachelewa Shangani.

Halafu ikaja ankara: kilo zote zimeandikwa taka hatarishi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 85 hivi ya taka za vituo vya afya ni za kawaida tu, kama za nyumbani. Ndiyo maana wauguzi wetu wanahangaika na ndoo za rangi tofauti kila chumba. Nyinyi mnazichanganya garini, zote zinakuwa za kuambukiza, kisha mnatutoza bei ya juu kwa uchafu mliouzalisha wenyewe!

Fomu za makabidhiano nazo hazirudi. Hatujui kama mzigo wetu unafika kwenye kichomea taka au unaishia dampo, wanakopita watoto kuokota chupa za plastiki.

Tunataka gari lililofunikwa, lenye sehemu mbili zilizotengwa. Vijana wavae buti na glavu nzito, wachanjwe kwa gharama zenu. Fomu zirudi na sahihi ya mchomaji. Ankara ya mwezi huu hatutailipa mpaka irekebishwe, na gari likija wazi tena halitapita getini.

Kuhusu kijana aliyechomwa: dawa anazitumia siku 28. Asifukuzwe kazi, na nauli yake ya kuja zahanati ni juu yenu.

Tunasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14.

Wako katika kazi,

Muuguzi Mfawidhi

Nakala: Afisa Afya wa Manispaa; Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC)