Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Leseni za Bunduki: Raia Atembee na Risasi Ngapi?

Kwa Mwenyekiti,
Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki,
Nairobi.

KUH: RISASI ZA AKIBA KWA RAIA WENYE LESENI

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Pokea salamu kutoka Nakuru. Mimi ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi na ni mmoja wa raia ambao Bodi yako imewapa cheti cha kumiliki bastola. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili haliwahusu wenye leseni peke yao. Linamhusu pia mama anayeuza ndizi nje ya benki, kijana wa bodaboda anayengoja abiria, na mtoto aliyeshikwa mkono akivushwa barabara. Siku mmoja wetu atakapochomoa bastola mjini, hao ndio watakaokuwa wamesimama nyuma ya mwizi.

Swali langu ni moja: raia mwenye leseni anapotoka nyumbani asubuhi kwenda kazini, atoke na risasi ngapi za akiba?

Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inataka cheti kitaje idadi ya risasi ambazo mwenye cheti anaruhusiwa kununua na idadi anayoweza kuwa nayo kwa wakati mmoja. Inaishia hapo. Risasi zilizofungiwa kwenye sefu, zile za kupigia shabaha Jumamosi, na zile zinazotembea kiunoni sokoni, zote zimetiwa kapu moja. Basi kila mtu hujipimia. Kuna wanaobeba zilizomo ndani ya bastola tu. Kuna wanaoongeza magazini moja, yaani kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye bastola. Na kuna wanaofunga magazini tatu mshipini, nyingine mbili wakaziacha kwenye gari, wakaenda hivyo harusini na kanisani. Ukiwauliza sababu, wengi watakutajia Westgate, jumba la maduka la Nairobi lililoshambuliwa.

Naielewa hofu hiyo. Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi wa al-Shabaab walipoingia katika jumba lile, raia wenye leseni walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuwafuata ndani, bega kwa bega na polisi waliovaa kiraia. Abdul Haji, ambaye leo ni Seneta wa Garissa, aliingia na bastola kumtafuta ndugu yake, na picha ya msichana mdogo akimkimbilia ilizunguka dunia nzima. Watu 67 waliuawa. Bila wale waliojitosa, naamini wangekuwa wengi zaidi, na taifa hili bado halijawashukuru vya kutosha.

Lakini tuitazame vizuri kazi yenyewe waliyoifanya. Walikinga njia ili watu watolewe. Walipita duka hadi duka wakiwaita waliojificha. Kilichookoa roho za watu siku ile ni ujasiri na utulivu wa mkono, na sijamsikia yeyote akisema ni wingi wa risasi. Isitoshe, vyombo vya usalama vilipofika, hata polisi na wanajeshi wenyewe walirushiana risasi kimakosa. Raia asiye na sare, anayeendelea kufyatua kwa sababu bado anazo, anajiweka mahali pabaya sana. Siku kama ile inatakiwa itufunze mengi, ila si kipimo cha mtu anayekwenda kuweka pesa benki Jumatatu.

Tatizo la wengi wetu ni lingine kabisa. Ni mtu mmoja au wawili wanaokukuta langoni ukingoja kufunguliwa, au wanaokufuata kutoka benki kwa pikipiki. Jambo lenyewe hutokea karibu, kwa sekunde chache, na huisha kabla hujajua limeanza. Hapo swali kubwa si unazo ngapi. Swali ni risasi ulizozitoa zimekwenda wapi.

Hebu tuwatazame watu waliofunzwa na kulipwa kwa kazi hii. Mwaka 2008 shirika la utafiti la RAND lilichapisha uchunguzi kuhusu polisi wa jiji la New York. Kati ya 1998 na 2006, katika matukio ambayo polisi walikuwa wakirushiana risasi na mhalifu, ni asilimia 18 tu ya risasi zao zilizompata waliyemlenga. Hata pale ambapo mhalifu hakufyatua, zilizofika zilikuwa asilimia 30. Hao ni polisi wenye mafunzo ya kila mwaka. Mimi na wenzangu tunaouza simenti tutafanya vizuri kuliko wao? Kwa hesabu hiyo ya kwanza, mtu akimaliza magazini ya risasi 15, kama 12 hivi zitakwenda kwingine. Na kwingine, kwenye mitaa yetu, ni ukuta wa mabati wa jirani. Risasi ya milimita 9 hupita kwenye mabati na mbao na bado ikawa na nguvu ya kuua mtu aliyelala upande wa pili.

Wanaotetea magazini nyingi wana mfano wao mwingine wanaoupenda, wa askari wa Skokie, karibu na Chicago, aliyepambana na mwizi wa benki mwaka 2008. Alifyatua risasi 33, akabaki na nne. Tangu hapo akawa anakwenda kazini na risasi 145. Simlaumu hata kidogo. Yeye kazi yake ni kumfuata mhalifu anakokimbilia. Kazi yangu mimi ni kuondoka nikiwa hai na kuwaacha wengine wakiwa hai. Mhalifu akigeuka akakimbia, mimi nimemaliza.

Hata sheria inaliona hivyo. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinaipeleka haki ya kujitetea kwenye misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza (common law), ambayo hudai nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Mtu aliyemaliza magazini ya kwanza, akaitoa, akachomeka ya pili na kuendelea, ataulizwa mahakamani: ulipopata nafasi ya kubadilisha, hukuwa na nafasi ya kuondoka? Huenda akawa na jibu zuri. Lakini sharti awe amelifikiria kabla, akiwa ametulia nyumbani, si siku ile.

Hapa ndipo wenzangu wengine wataniuliza kama basi nataka tubebe zile za ndani ya bastola tu. La. Nataka kila mwenye leseni abebe magazini moja ya akiba, na sababu yangu haihusiani na kuishiwa risasi.

Mheshimiwa, sehemu ya bastola inayoongoza kwa kuleta shida ni magazini. Ni kisanduku chembamba cha bati au plastiki chenye spiringi ndani, na midomo miwili juu inayoishikilia risasi ya kwanza. Ukiiangusha kwenye saruji, midomo hiyo inaweza kupinda kiasi ambacho jicho halioni, na risasi isipande sawasawa. Vumbi la Nakuru pamoja na nyuzi za mfukoni huingia ndani, na ukiibonyeza kwa kidole unasikia spiringi inakwaruza badala ya kupanda laini. Kitufe cha kuitoa kinaweza kubonyezwa na mkanda wa gari bila wewe kujua, ukafika uendako magazini imening'inia nusu nje. Kisha kuna ile hali ambayo ganda lililotumika halikutoka na risasi mpya imekwisha kulifuata, zote mbili zikakwama penye mlango wa chemba, yaani tundu ambamo risasi hukaa ikifyatuliwa. Hapo hakuna njia ila kuing'oa magazini, kuvuta slaidi (kile chuma cha juu ya bastola kinachokwenda nyuma na mbele) nyuma mara kadhaa mpaka chemba iwe tupu, na kuchomeka magazini. Mara nyingi ile uliyoing'oa itaanguka chini. Usipokuwa na nyingine, unabaki na kipande cha chuma mkononi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: zile za ndani ya bastola, na magazini moja ya akiba, basi. Ya akiba ikae kwenye mfuko wake mshipini upande wa mkono usiofyatua, ikiwa imefunikwa na nguo. Isichanganywe na funguo na sarafu. Risasi zisizo ndani ya magazini zisitembezwe kabisa. Hizo huanguka kwenye viti vya matatu, hubaki kwenye droo ya gari likipelekwa gereji, na huokotwa na watoto. Sijui wenzangu mtalipokeaje hili, ila risasi iliyopotea kwa uzembe, kwangu mimi, ni sababu tosha ya mtu kuitwa ajieleze.

Kuna jambo jingine dogo ambalo nimeliona likipuuzwa sana. Mtu akirudi nyumbani jioni huitoa risasi iliyo kwenye chemba, na asubuhi huirudisha ile ile. Kila inapopigwa na slaidi kuingia chembani, kichwa chake kinaweza kusukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo. Iweke mezani kando ya risasi mpya kutoka paketini na utaona imekuwa fupi. Risasi ya namna hiyo ikifyatuliwa, shinikizo ndani ya chemba hupanda kupita kiasi na inaweza kuivunja bastola mkononi mwako. Mtu mwenye magazini tano anafikiri amejilinda, kumbe ile moja atakayoanza nayo ndiyo mbovu.

Sitaki Bodi itangaze tu namba na kuondoka. New York ilijaribu hivyo. Sheria yao ya 2013 iliruhusu magazini ya risasi 10 lakini ikakataza mtu kuijaza zaidi ya 7, na kabla mwaka haujaisha jaji wa mahakama ya shirikisho alikuwa ameifuta sehemu hiyo kwa kukosa msingi. Mahakama ya rufaa ikakubaliana naye mwaka 2015. Namba isiyoelezwa watu hawaiheshimu. Afrika Kusini nao wana kikomo: sheria yao ya mwaka 2000 inamruhusu mwenye leseni ya kawaida risasi zisizozidi 200 kwa kila bunduki. Kikomo hicho kinaeleweka, ila nacho kinahesabu risasi anazomiliki mtu, hakigusi zile anazotoka nazo barabarani. Kenya inaweza kufanya vizuri zaidi.

Mwishoni mwa 2018, Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Fred Matiang'i, alipobatilisha vyeti vyote na kutupa siku 90 tukahakikiwe upya, wengi wetu tulinung'unika. Mimi leo nasema lilikuwa jambo la haki. Kumiliki bunduki Kenya si haki ya kikatiba. Kifungu cha 26 cha Katiba kinalinda uhai, wangu na wa yule mama wa ndizi, na bastola yangu lazima ikae chini ya kifungu hicho. Uhakiki ule uliwahusu watu na bunduki zao. Sasa tuzigeukie risasi.

Ninaloomba, basi, ni kwamba cheti kitenganishe risasi za kubeba na risasi za kuhifadhi. Za kubeba ziwe zile za bastola pamoja na magazini moja. Anayetaka zaidi, labda kwa sababu anasafirisha pesa nyingi au anaishi mahali ambapo polisi hufika baada ya saa nzima, aombe kwa maandishi na apimwe. Apimwe kwa mikono yake, uwanjani, mbele ya mkufunzi: achomoe, apige kwa umbali wa mita saba, mita kumi, bastola ikwamishwe makusudi aifungue, na aonyeshwe shabaha yenye mtu asiye na hatia amesimama kando ili ionekane kama ataizuia risasi yake. Atakayempiga asiye na hatia asipewe hata magazini ya pili.

Kipimo hicho kirudiwe cheti kinapohuishwa, kwa wote, tajiri na maskini, mwanasiasa na mwenye duka. Hapo pa wanasiasa nasisitiza.

Na risasi za mazoezi zipewe hesabu yake. Kwa kuwa kununua nako kuna kikomo, mtu mwangalifu hujikuta anaogopa kwenda kulenga shabaha asije akamaliza alizoruhusiwa. Matokeo yake tuna watu waliobeba risasi zile zile miaka nenda miaka rudi bila kufyatua hata moja. Ingekuwa afadhali mtu apewe mia za kutumia kwenye uwanja wa shabaha wa Kirigiti au kwingineko, azinunue pale pale na azimalize pale pale chini ya uangalizi, maganda yahesabiwe, asiondoke na hata moja. Serikali haitakuwa imeongeza risasi mitaani, na mikono itakuwa imefunzwa.

Najua baadhi ya wenye leseni wenzangu watasema nimewasaliti. Nawaheshimu, na wengi wao ni marafiki zangu. Nawaomba wachukue karatasi ya ukubwa wa kifua cha mtu, waitundike mita saba, wakimbie hadi mapafu yawake moto, kisha wapige magazini nzima upesi upesi. Wahesabu matundu. Kisha waangalie ni nini kingekuwa nyuma ya karatasi ile kama ingekuwa Barabara ya Kenyatta, Nakuru, saa saba mchana.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mkianza kupima, niko tayari kuwa miongoni mwa watakaoitwa kwanza. Nitakuja na bastola yangu, magazini zangu mbili na kitabu cha risasi nilizonunua, na matokeo yangu yabandikwe popote mtakapoona panafaa.

Wako katika kulinda uhai,

Mmiliki mwenye leseni,
Nakuru.